Windows 10 imekatiwa huduma. Kompyuta za steshenari nizipige 11, niziache hivihivi, au nifanyeje?

MamaSpairo_Moro

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo zenu. Naomba ushauri wa mtu aliyeyapitia, siyo wa kuniambia "nunua mpya" halafu anaondoka zake.

Nina steshenari hapa Morogoro, njia ya kwenda chuo kikuu cha SUA. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kubaindi kwa spairo, lamineshi, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi. Ila kinacholeta watu siku hizi siyo kopi tena, ni fomu za mtandaoni. Mtoto anaomba mkopo Bodi, kijana anaomba kazi Ajira Portal, mama mtu mzima anafuatilia cheti cha kuzaliwa RITA. Wanakuja na bahasha ya vyeti na simu yenye chaji asilimia nne, na mimi ndiye nageuka karani wao.

Mashine ni hizi. Kaunta ya mbele nina HP EliteDesk 800 G2 mbili, i5-6500, RAM GB 8, zote nilishazitia SSD, zile diski za kasi, na zinakimbia vizuri tu. Pembeni kuna Dell OptiPlex 3020 ya i3, RAM GB 4, hadi diski ileile iliyokuja nayo. Hiyo anakaa binti wa dada yangu, anachapa barua na mitihani ya shule za msingi. Mimi natumia laptopu, ThinkPad T480 ya i5-8350U. Halafu kule nyuma, karibu na mashine ya kopi, kuna kizee cha Core 2 Duo chenye Windows 7. Kazi yake ni moja, kuendesha printa ya leza ya zamani ambayo tona yake naijaza mwenyewe kwa bei ya kutupa. Hiyo printa ndiyo inalipa pango la fremu. Msije mkanishauri niitupe.

Ukiacha kizee, zote nne ni Windows 10. Tangu Oktoba 2025 zinanitolea tangazo skrini nzima kwamba huduma iliisha tarehe 14. Wateja wanalisoma kabla yangu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kompyuta "imeekspaya" na kama ripoti yake itatoka salama. Nikamwambia ripoti yako haijaekspaya baba, lete hela ya spairo.

Nikamwita fundi. Kaja, kaziangalia kwa kusimama, akasema zote nne anazipiga 11, elfu 35 kila moja, siku moja anamaliza. Nikamuuliza mbona ni laptopu peke yake inayoletewa 11 kwenye mipangilio, na zile nyingine zimeandikwa hazijatimiza vigezo? Akacheka. Eti vigezo ni vya wazungu, yeye ana flashi yake.

Sasa hiyo flashi ndiyo inaninyima usingizi. Huko nyuma kuna fundi mwingine alinipigia Windows kwa flashi yake ya namna hiyo, antivairasi ikawa imezimwa na haiwashiki, ikawa kila flashi ya mteja inayochomekwa hapa inatoka mafaili yote yamegeuka shotikati. Wanafunzi wanaambiana haraka jamani. Kwa muda mrefu walikuwa wanapita mlangoni kwangu wakienda kwa jirani.

Kwa hiyo nauliza. Nisipofanya chochote, kitatokea nini hasa? Nataka ukweli, siyo vitisho. Kama vigezo havitimii na bado inapigika, basi hivyo vigezo ni vya nini? Na printa: nina Epson ya wino yenye skana juu, nina hiyo leza, na ninatengeneza kadi kwa Publisher. Jumatatu asubuhi kukiwa na foleni ya mwaka wa tatu wanaopeleka ripoti, halafu printa isisome, hakuna atakayeniuliza habari za usalama wa mtandao.

Bajeti: laki tatu naweza kuitoa bila kugusa ada ya mtoto. Desktop ya kizazi cha nane nimeulizia, wananitajia laki tano na kitu. Moja.

---

Chuma_cha_Kale

Mama usihangaike. Mimi niko Windows 7 mpaka leo na inapiga kazi. Hawa jamaa wanataka hela tu. Zima hizo apdeti, tangazo litapotea, maisha yaendelee.

---

Kijana_wa_Bayosi

Mama, shikamoo. Kabla sijakujibu, huyu mkuu hapo juu: Chrome yako hapo kwenye Windows 7 ni namba ngapi? Ni 109, wala huna haja ya kuangalia, maana hapo ndipo Google walipoishia mwanzoni mwa 2023. Wewe ukiangalia mpira haina neno. Mama anafungua akaunti ya mtu mwingine kwa paswedi ya mtu mwingine. Hamko kwenye hali moja.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za maofisi hapa Dodoma, na mwaka mzima uliopita swali lilikuwa hilohilo.

Usipofanya chochote, kesho zitawaka kama zilivyowaka leo. Hakuna kinachozimwa. Kilichokatika ni viraka vya usalama vilivyokuwa vinakuja bure kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tundu jipya likigundulika, Windows 11 inazibwa, yako inabaki wazi. Ubaya zaidi, kiraka cha 11 kikitoka, wenye nia mbaya wanakichambua wajue kilikuwa kinaziba nini, halafu wanakwenda kujaribu kwenye 10, kwa sababu mifumo hiyo miwili kwa sehemu kubwa imejengwa kwa msimbo uleule.

Kuna kitu kitakuchanganya. Defender yako, ile antivairasi inayokuja na Windows, itaendelea kupokea orodha ya virusi mpaka Oktoba 2028, kwa hiyo utaona alama ya kijani na kuridhika. Defender ni mlinzi aliyepewa picha za wezi wanaojulikana. Kuziba ukuta siyo kazi yake.

Mfano wa kweli. Mei 2017 ilitembea WannaCry duniani. Kiraka chake Microsoft walikitoa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakukiweka, wengi wao wakiwa na Windows 7. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Ilipita kwenye njia ileile ambayo kompyuta hutumia kugawiana mafolda na printa ndani ya mtandao mmoja, ikafunga mafaili, ikadai dola 300 kwa Bitcoin. Sasa nikuulize mama: kizee chako cha nyuma umekiunga kwenye mtandao wa duka ili mbele waprinti moja kwa moja? Kama ndiyo, basi wewe unaogopa Windows 10 wakati mashine ya hatari kuliko zote dukani kwako ni hiyo ambayo hata hukuiuliza. Windows 7 iliisha Januari 2020.

Vigezo sasa. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu (kizazi cha saba zimeponea chache mno), chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), RAM GB 4 na nafasi GB 64. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-6500 ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Ndiyo maana laptopu imekubaliwa na HP zimekataliwa. Mtu asije akakuuzia maneno kwamba atabadilisha TPM kwenye hizo HP uwe sawa. Prosesa bado itakataa.

Flashi ya fundi wako yawezekana ni Rufus. Hiyo ni programu halali, inatengeneza flashi ya kupigia Windows na inaweza kuruka ukaguzi wa vigezo. Siyo uchawi wala siyo wizi. Mashine itawaka, na kwa kawaida viraka vya kila mwezi vinaingia. Lakini Microsoft wameandika wazi kwamba mashine ya hivyo haina haki ya kuletewa apdeti, na toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe: utapakua upya zaidi ya GB 5 na kurudia kwa mkono. Ukimlipa elfu 35 leo, jua mwakani atarudi. Hicho kizee cha Core 2 Duo ndiyo kabisa, kuanzia toleo la 24H2 hakiwaki hata ukiruka ukaguzi, maana prosesa yake haina amri ambazo mfumo unazihitaji.

Kilichonitia wasiwasi siyo Rufus, ni hicho kisa cha antivairasi kuzimwa. Hiyo ni dalili ya mtu aliyeweka Windows halafu akaiamilisha kwa kiprogramu cha kuvunja leseni, na vingi kati ya hivyo vinakwambia uzime antivairasi kwanza. Ingia kwenye kila mashine, fungua Command Prompt, andika

slmgr /xpr

Ikisema imeamilishwa kwa kudumu, vizuri. Ikikutajia tarehe ya kuisha, kwenye duka la mtu binafsi hiyo ina maana moja tu. Utuletee majibu.

Na ipo njia ya nne ambayo fundi hakukwambia, pengine kwa sababu haina elfu 35 ndani yake. Microsoft wanaongeza viraka vya Windows 10 mpaka Oktoba 13, 2026 kwa wanaojiandikisha. Ni dola 30, au bure ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Hakikisha iko toleo la 22H2, ukiandika winver itakuonyesha, kisha nenda Windows Update utafute kiungo cha kujiandikisha. Mpango huo umewekwa kwa watu binafsi. Kompyuta zilizoungwa kwenye domeni ya ofisi haukubali. Mashirika wana wao, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka.

---

MamaSpairo_Moro

Marahaba kijana wangu. Umenikalisha chini kweli. Ndiyo, kizee kimeungwa. Waya unatoka kwenye kisanduku cha intaneti unapita juu ya dari mpaka nyuma, nilijivunia sana siku ile tumeupitisha.

Majibu: laptopu kudumu. HP zote mbili kudumu, na kumbe kibandiko cha Windows 10 Pro bado kipo ubavuni, nilikuwa nimekifunika na stika ya bei za lamineshi. Dell imenitajia tarehe. Kwa hiyo Dell ndiyo yenye flashi ya yule bwana.

Ninalobishania ni akaunti ya Microsoft. Nikiingiza akaunti yangu kwenye mashine za kaunta si ndiyo picha zangu na mafaili yangu yatatokea mbele ya kila mteja? Wale wanakaa wenyewe kwenye kiti, mimi niko kwenye kopi.

Na Publisher hamjaniambia.

---

Kijana_wa_Bayosi

Fungua akaunti mpya ya Microsoft kwa ajili ya duka tu, hata kwa barua pepe ya Gmail ya duka. Jiandikishe kwa hiyo, usiwashe OneDrive, ile hifadhi ya mafaili ya mtandaoni. Kisha kila HP ifungulie akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha vitu, ndiyo mteja akae hapo. Hili la mwisho fanya hata kama hutafanya lingine lolote nililosema.

Publisher: Microsoft wametangaza mwisho wake ni Oktoba 2026, iwe uko 10 au 11. Kadi zako za michango anza kuzihamishia Word au pengine popote, na za zamani zitoe PDF mapema. Na kama Office yako ni 2016 au 2019, hizo ziliisha siku moja na Windows 10.

---

Saiba_ya_Likoni

Salama dada? Niko Mombasa, nina saiba hapa Likoni karibu na feri. Kwetu ni eCitizen (huduma za serikali) na KRA (kodi) kutwa kucha, kwa hivyo shida yako naijua mpaka harufu.

Mimi nilifanya hiyo ya Rufus, mashine za kizazi cha sita kama zako. Sitakuficha, zinaenda vizuri. SSD na GB 8 zinatosha. Printa ya wino ilijisomea yenyewe, ile nyingine nilipakua draiva (programu ya kuiendeshea printa) ya Windows 10 ya biti 64 na ikakubali. Kwa kawaida draiva ya 10 ya biti 64 inafanya kazi kwa 11. Mwenye Windows ya biti 32 ndiye atalia, kwa sababu 11 haina biti 32 kabisa. Na kweli toleo la mwaka lilipotoka lilinipita. Ilibidi nikae nayo usiku, mashine moja baada ya nyingine, na bando liliisha katikati.

Jambo la kukuonya ni lingine. Ukipiga 11 upya kwa mashine inayokubalika, kama hiyo laptopu yako, na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, matoleo ya sasa yanaweza kuifunga diski kwa usimbaji (encryption) bila kukupigia kelele. Ni kitu kizuri laptopu ikiibwa. Lakini mimi nilimwacha kijana wangu wa kazi aingie kwa akaunti yake. Akaacha kazi. Baadaye nikagusa mipangilio ya BIOS, ile ya kabla Windows haijawaka, mashine ikaniomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na ufunguo uko kwa akaunti ya mtu aliye Malindi na hapokei simu. Nilimpata mwishowe kupitia mamake. Kwa hivyo akaunti iwe yako, na huo ufunguo uuchape kwa karatasi uweke na leseni ya biashara.

Tena, dada, hebu fungua folda ya Downloads kwa hizo mashine za mbele uangalie. Kwangu nilikuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, KRA PIN, barua ya hospitali ya mtu ninayemjua. Mfumo uwe 10 au 11, hiyo iko pale, mteja anayefuata anaiona akitafuta faili yake. Tumewafundisha wateja watumie dirisha la mgeni kwa Chrome, ukilifunga linajisahau, na jioni tunafuta folda yote. Sisi huku tuna sheria ya data ya 2019, na ninyi nasikia mna yenu.

---

Kijana_wa_Bayosi

Ipo mkuu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Wenye steshenari wengi hawajui kama inawahusu.

---

Chuma_cha_Kale

Nimeangalia. Ni 109. Haya.

---

Nazi_Mbata_Tanga

Mimi nitasema ya Dell, wengine mmeshaimaliza laptopu.

Dada, hiyo OptiPlex usiipige 11. RAM GB 4 na diski ya kuzunguka, binti wa watu atachapa neno asubiri litokee. Na leseni haina. Itie SSD ndogo, mwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Mint 22 ina huduma mpaka Aprili 2029, bure, leseni hakuna wa kukuuliza. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unachomeka Epson yako unaona kama inasoma. Haikupendezi, unachomoa, Windows iko palepale.

Nisikudanganye ubaya wake. Hati ya Word ukiifungua kwa LibreOffice, programu ya kuchapia iliyomo kwenye Mint, itafunguka, lakini kurasa zinaweza kusogea. Ripoti ya mwanafunzi yenye orodha ya yaliyomo na majedwali, usiichape kutoka humo. Mwambie akuletee PDF au uitoe PDF kwenye HP. Mitihani ya hesabu yenye alama nyingi nayo iachie Word. Barua, CV, mitihani ya Kiswahili na maarifa ya jamii, hakuna shida. Sakinisha fonti za Microsoft mapema, bila hivyo Times New Roman itabadilishwa na nyingine inayofanana na mistari haitaishia palepale.

Sasa faida ambayo mwenye steshenari ndiye anaipata kuliko mtu mwingine yeyote. Vile virusi vya shotikati ni programu za Windows. Kwenye Linux haviendi popote. Na huwa vinafanya kuyaficha tu mafaili ya mteja halafu vinaweka shotikati mahali pake. Mint haijali ule ufichaji, ukifungua flashi unayaona yote, mafaili halisi na takataka pamoja. Mimi hapa kila flashi inaingia kwanza kwenye mashine ya Mint, inasafishwa, ndipo inakwenda kwingine. Wateja wameanza kuja kwa ajili hiyo tu, "naomba unirudishie mafaili yangu," natoza elfu mbili. Hiyo Dell iweke mlangoni.

---

MamaSpairo_Moro

Nimerudi, na majibu ya vitendo.

Laptopu niliipandisha 11 Jumapili kupitia Windows Update yenyewe, bila flashi ya mtu. Nilihifadhi mafaili kwanza kwenye diski ya nje. Ilikula muda na bando, lakini Epson ilisoma, skana ilisoma, Word ileile. Kitufe cha Start kimehamia katikati, nimekirudisha kushoto. Kuna siku kumi za kurudi Windows 10 kama sijaipenda, sioni kama nitarudi. Ufunguo wa diski nimeutafuta kwenye akaunti. Haukuwepo, na mipangilio inaonyesha usimbaji umezimwa, nadhani kwa kuwa nimepandisha tu na sikupiga upya.

HP mbili nimeziandikisha ule mpango wa nyongeza kwa akaunti ya duka, njia ya bure. Zimekubali. Sizipigi 11 kwa Rufus, wala siyo kwamba naogopa. Mwenzetu wa Likoni anakaa nazo usiku yeye mwenyewe. Mimi nitamtegemea fundi, na kila toleo jipya litakuwa na bei yake. Hiyo hela naiweka pembeni. Kabla ya Oktoba 2026 nataka niwe na desktop moja ya kizazi cha nane kaunta, na HP moja itashuka kuchukua nafasi ya kizee. Sitasubiri Oktoba yenyewe, maana hapo vyuo vinafunguliwa na maduka nayo yanajua kwamba kila mtu anatafuta. Miezi ya maombi ya mkopo siigusi mashine yoyote kwa sababu yoyote.

Kizee nimekichomoa waya wa mtandao. Binti kalalamika kwamba sasa anatembea na flashi kwenda nyuma. Atembee. Nimeweka flashi moja nyekundu, hiyo haitoki dukani, na inabeba PDF tu.

Folda ya Downloads sitaki kuizungumzia. Tumeifuta yote, na nimebandika karatasi juu ya skrini kuhusu dirisha la mgeni. Mzee mmoja kaniuliza mgeni ni nani, nikamweleza, akasema basi yeye ni mwenyeji, amekuwa akija hapa siku zote.

Fundi nilimpigia kumwambia sihitaji 11 ila nataka SSD na Mint kwenye Dell. Mint hajawahi kuiona. Tumekubaliana aweke SSD, ang'oe vumbi kwenye zote, na Mint niiweke mwenyewe na binti kwa kutumia flashi. Tumeiweka, imewaka, na nimeisogeza mlangoni kama alivyosema wa Tanga. Epson inaprinti. Tatizo limebaki skana: Mint inaiona printa lakini nikibonyeza kuskani haioni kitu. Nifanyeje hapo?

---

Nazi_Mbata_Tanga

Epson wana programu ya Linux inaitwa Epson Scan 2. Nenda kwenye tovuti yao ya kupakua draiva, andika modeli yako kamili iliyo kwenye kibandiko, chagua Linux, kisha chukua kifurushi chenye faili za .deb, siyo .rpm. Kifungue, endesha faili la install.sh lililomo ndani kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), chomoa waya wa USB na uuchomeke tena. Ikigoma weka hapa modeli na maneno yanayotokea, leo niko hewani mpaka saa nne usiku.